Jina Lililobandikwa Ukutani

Umeme ulikatika saa kumi jioni, lakini taa za kile kisanduku cha intaneti hazikuzimika.

Aikande alikuwa anamjibu mgeni wa Ubelgiji aliyetaka kujua kama ndani ya kreta kuna mbu. Skrini ya kompyuta ikawa nyeusi, friji likaguna mara moja na kunyamaza, redio ya jirani ikakatika katikati ya wimbo. Aliegemea kiti akafumba macho. Hakukasirika. Siku hizo alikuwa amechoka kiasi kwamba umeme ukikatika aliona kama amepewa likizo. Alipofumbua macho ndipo alipoziona taa tatu za kijani juu ya kabati, zinakonyeza vilevile kama kawaida. Aliinuka akaufuata waya kwa kidole mpaka ukutani. Ulikuwa umechomekwa mahali pake, kwenye umeme uliokufa. Hapakuwa na betri wala jenereta.

"Labda ina chaji kidogo ndani," alijiambia, akatoka kwenda kuanua nguo. Mtu aliyechoka hukubali sababu yoyote, ilimradi asilazimike kusimama tena.

Hiyo ilikuwa Mei ya mwaka 2009, Karatu, nyumba ya tatu nyuma ya gereji, upande wa kwenda sokoni. Aikande na mumewe Eliamani walihamia pale kutoka Machame miaka kumi na minne nyuma, wakaanza kazi ya kupeleka watalii Ngorongoro kwa Landrova moja. Hawakuianza peke yao. Mwenzao wa tatu alikuwa Metui, Mmasai wa Malambo, dereva aliyewajua faru wa kreta mmoja mmoja kwa tabia zao. Kila alfajiri alipiga matairi teke na kusema maneno yale yale: "Tuwe wa kwanza getini." Na kweli alikuwa wa kwanza. Hata Januari ile alikuwa wa kwanza, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu umeshika, pale kwenye kona ya kupanda ukingo wa kreta ambapo gari liliacha barabara na kuporomokea msituni. Alikuwa peke yake, anawafuata wageni juu.

Walimzika kwao. Mjane wake Naserian na binti yao Nareyu, wa miaka minne, wakaja kukaa chumba cha uani kwa Aikande, maana biashara ilikuwa yao pia. Eliamani akatafuta Landrova nyingine kuukuu, akaanza kuendesha mwenyewe. Ofisi yote akaachiwa Aikande, na ofisi yenyewe ilikuwa meza ya sebuleni.

Intaneti waliivuta mwezi wa Machi. Fundi alikuwa Godson, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye pikipiki na begi lililojaa nyaya. Alipanda juu ya paa, akafunga antena ikiutazama mnara, akaweka ruta, kile kisanduku cha taa tatu, juu ya kabati, kisha akawakalisha mume na mke kama wanafunzi.

"Neno la siri ndiyo kufuli ya nyumba," alisema. "Lisiwe jina la mtu anayejulikana. Changanyeni herufi na namba. Msimpe kila anayepita, na mkimpa mtu, akiondoka mbadilishe. Asiyejulikana akishaingia humu, anaweza kusoma barua zenu, na hata kuandika nyingine kwa jina lenu."

Eliamani alikuwa anatazama picha ya rafiki yake ukutani. "Weka Metui," alisema. "Metui na mwaka huu."

"Mzee, hilo mji mzima unalijua."

"Weka."

Kwa Wachaga jina la marehemu halitupwi. Hupewa mjukuu, likaitwa uani na mezani, na mwenyewe akawa bado yupo yupo. Eliamani alidhani anampa mwenzake heshima. Akaliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni, akakibandika juu ya kabati ili mgeni asihangaike. Na wageni hawakukosekana. Madereva wenzake, mwalimu wa kwaya, wapishi wa safari, wote walikuja barazani na laptopu zao, na kila aliyeuliza Eliamani alimjibu kwa sauti ya kusikika barabarani, "Metui! Andika Metui!" Siku nyingine mara ishirini.

Kila jina lilipotajwa, Naserian alitoka nje. Aikande alidhani ni majonzi, akamwacha.

Baada ya zile taa ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa oloirien, imechanganyika na dizeli, ile ile iliyokuwa kwenye shuka la Metui. Aikande aliikuta asubuhi kwenye kiti chake cha ofisi. Aliosha mto, akauanika, jioni harufu ikawa imerudi. Kisha ukaja mlango wa gari. Ungefunguliwa uani, ukafungwa kwa kile kishindo cha Landrova ya zamani, naye angetoka kumpokea mumewe na kukuta uwanja mtupu, kuku wamejibana wote ukutani.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Alikuwa na barua arobaini za kujibu, na Winnie, binti yao, alikuwa bweni Moshi akisubiri sare.

Ijumaa moja Eliamani alirudi saa sita mchana, wakati ziara ilitakiwa kuisha jioni. Aliingia na viatu vyake vya matope mpaka chumbani, akaketi kitandani.

"Mama Winnie," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa nini uliwaandikia wageni tuondoke saa kumi na moja?"

"Sikuwaandikia."

"Wamenionyesha barua. Imetoka kwako. 'Tuondoke mapema, tuwe wa kwanza getini.'"

Aikande aliyajua maneno yale. Eliamani hakumtazama. Alisimulia akiangalia viatu vyake: kwamba geti lilipofunguliwa walikuwa wa kwanza kweli, na ukungu ulikuwa mzito, na alipokaribia ile kona alimwona mtu mrefu mwenye shuka jekundu amesimama katikati ya barabara ameinua mkono kama anayeomba lifti, akakata usukani, gari likateleza, na liliposimama gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linaning'inia hewani juu ya miti, wageni wanalia, na barabarani hapakuwa na mtu, ila ndani ya gari kulikuwa na harufu.

"Harufu gani?" aliuliza Aikande, ingawa alijua.

"Ya kibuyu."

Jioni ile waliifungua kompyuta pamoja. Kwenye barua zilizotumwa walikuta tisa ambazo Aikande hakuziandika, kwa Kiingereza kile cha marehemu cha kurukaruka, zote kwa wageni ambao safari zao zilikuwa mbele, na zote zilitaka kitu kimoja: Eliamani awe kwenye ile kona saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Godson alikuja kesho yake. Mwanzoni alicheka. Alisema ni mwizi wa mtandaoni tu, wapo wengi, na mtu aliyebandika neno la siri ukutani asishangae. Akafungua orodha ya mashine zilizoshika intaneti ya nyumba. Siku hiyo barazani hapakuwa na mgeni. Ndani kulikuwa na mashine mbili, ya mezani na laptopu ya Eliamani. Orodha ilionyesha tatu.

"Hii haina jina," Godson alisema. "Na mawimbi yake yamejaa. Iko karibu sana, mama. Kama iko humu sebuleni." Akateremsha macho, kicheko kikamwisha. "Inasema imeunganishwa tangu Januari."

"Ruta si uliileta Machi?"

"Machi, mama. Ikiwa bado kwenye boksi."

Alitaka kulibadilisha neno papo hapo. Eliamani akasimama kati yake na kabati.

"Hulifuti. Kulifuta ni kumzika mara ya pili, na ile ya kwanza sijaimaliza." Alijifuta macho kwa kiganja. "Kama ni yeye, anataka nini kwangu? Tulikula sahani moja."

Aikande alimpenda na kumchukia kwa wakati mmoja. Alikuwa hana nguvu za kubishana na mwanamume anayelia. Alitoka uani, akamkuta Naserian ameketi kwenye kigoda anashona shanga, mtoto amelala mapajani.

"Mama Nareyu," alisema, "kuna kitu humu ndani."

"Najua," alijibu Naserian bila kuinua uso. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu. "Mama Winnie, kwetu mtu akizikwa, jina lake tunaliacha. Hatuliiti. Hata ng'ombe mwenye jina hilo tunambadilishia. Nyinyi mnaliita asubuhi, mnaliita jioni, mmelitundika ukutani. Mimi ni mgeni kwenu. Ningesemaje?"

"Kwa hiyo ni yeye amerudi?"

Naserian alitikisa kichwa. Aliangalia dirisha la sebule, akanong'ona, "Baba Nareyu asingekaa kimya mtoto akilia. Hicho kinakaa kimya."

Walimtumia salamu Ngoitiko, kaka mkubwa wa marehemu, kule Malambo. Alifika siku ya nne, ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope, na fimbo, na kibuyu kidogo begani. "Takwenya," alimsalimu Aikande, naye akaitika "Iko" kama alivyofundishwa zamani na mwenyewe asiyetajwa. Mzee hakunywa chai. Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya kile kipande cha katoni, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliuliza kimeandikwa nini. Hakuna aliyethubutu kumjibu, naye akaelewa.

"Mdogo wangu hawezi kuja hapa," alisema. "Sisi mtu akifa hana njia ya kurudi, amekwisha. Lakini jina ni kama nguo. Mkilianika nje na mwenyewe hayupo, kuna vitu vinapita porini havina jina. Kimoja kimelikuta, kimelivaa. Nyinyi mmekiita, kimeitika. Sasa kinataka na rafiki, na nyumba, na gari, vyote vya mwenye jina."

"Jini," alinong'ona Godson.

"Ita unavyotaka. Ila usikiite lile jina."

Mzee alichovya majani mabichi kwenye maziwa, akanyunyizia mlango, meza, kiti cha ofisi, na kile kisanduku chenyewe, huku Godson akiomba kimoyomoyo maziwa yasiingie ndani. Eliamani ndiye aliyeambiwa abandue katoni. Aliibandua taratibu kama anayevua bandeji ya mtoto, akaitia motoni jikoni, akasimama pale mpaka ikawa majivu. Nyuma ya ruta kulikuwa na tundu dogo la kufutia kila kitu. Godson alitafuta kijiti, hakupata kilichoenea. Naserian akamnyooshea sindano yake ya shanga.

Godson alibonyeza, wakihesabu wote hadi kumi. Taa zikafa. Hapo, uani, mchana kweupe, mlango wa Landrova ukafunguliwa na kufungwa, na injini ikanguruma, ikapita dirishani, ikaelekea sokoni mpaka ikapotea, ilhali Landrova ya Eliamani ilikuwa imeegeshwa pale pale wanaitazama, kuku wamelala chini yake.

"Nimekifungia mlango," alisema Ngoitiko. "Mtu asilitaje tena. Atakayelitaja, kitamfuata yeye. Na mkikifungulia kwa mdomo wenu, msinitume mtu Malambo. Kitu cha namna hii hukitoi mara mbili."

Godson aliweka neno jipya, herufi na namba kumi na sita zisizo na maana yoyote. Aikande alilikunja ndani ya Biblia, hakumpa hata mwalimu wa kwaya. Baraza ikawa tupu. Madereva walinuna, wakasema Mama Winnie siku hizi ana roho mbaya. Naye wala hakujali. Wiki tatu alilala kama jiwe, na harufu haikurudi.

Juma la nne Eliamani alipata wageni wawili waliofikia kwenye loji moja bondeni, njia ya kwenda Kansay, akaenda kulala hukohuko. Safari ilipangwa kuanza saa mbili asubuhi, wakati ukungu umekwisha kupanda. Aikande mwenyewe ndiye aliyepanga hivyo.

Saa kumi na moja alfajiri aliamka kukoroga uji wa Nareyu. Umeme ulikuwa umekatika. Kwa hofu iliyobaki alikwenda kwanza kutazama juu ya kabati. Ruta ilikuwa giza, imekufa kama inavyotakiwa. Alishusha pumzi, akafungua mlango wa mbele atupe maji. Karatu nzima ilikuwa nyeusi. Lakini kwenye dirisha la nyumba ya ng'ambo aliona taa tatu ndogo za kijani zinakonyeza. Mbele yake, dukani, tatu nyingine. Na nyingine kule mteremkoni, na nyingine.

Alimpigia mumewe. Hakupatikana, bondeni kule simu haishiki. Alijitanda khanga, akakimbia mpaka kwa Godson, akagonga dirisha kwa viganja vyote viwili.

Godson alitoka na shuka. Alipoziona zile taa alikaa chini kwenye ngazi.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilichoka kukumbuka maneno ya siri ya watu. Kila siku fundi nimesahau, fundi njoo. Kila nyumba niliyofunga baada ya yenu niliweka lile lile, ili nisihangaike. Nyumba kumi na moja."

"Na loji ya bondeni?"

Godson aliinuka. Alikwenda kuwasha pikipiki.

Walifika kwenye geti la loji saa kumi na mbili na dakika tano, matope mpaka magotini. Mlinzi, Mwiraqw aitwaye Tluway, aliwamulika tochi.

"Shikamoo mama. Bwana Eliamani? Ametoka muda, kwa njia ya juu ya mashambani. Wageni walipata barua kutoka ofisini kwake usiku, kwamba waondoke mapema. Gari lilikuwa na watu wanne."

"Watatu," alisema Aikande. "Wageni wawili na yeye."

"Wanne, mama. Yule mrefu wa shuka jekundu alikaa mbele. Nilimsalimu hakuitika."

Aikande alipanda kilima kilicho nyuma ya geti akiwa ameinua simu juu, viatu vikibaki matopeni, akapanda peku mpaka mstari mmoja wa mtandao ukaonekana, akapiga, ikaita, ikaita, na ilipopokelewa hakusikia halo, alisikia injini inayopanda mlima kwa gia ndogo, na upepo, na wageni wanauliza kitu kwa sauti za woga, na mumewe anapumua kama mtu aliye usingizini.

"Baba Winnie! Simamisha gari! Baba Winnie!"

Karibu kabisa na simu, sauti ambayo aliwahi kuisikia kila alfajiri kwa miaka kumi na mitatu ilisema kwa upole, "Tuwe wa kwanza getini."

Saa ya simu ilionyesha kumi na mbili na dakika kumi na tatu. Aikande alijua maneno yote ya Ngoitiko, hakusahau hata moja. Alimfikiria Winnie bweni. Alifikiria kitanda chake na wiki tatu za usingizi, na akasikia uchovu ambao hata kulia hauruhusu. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, ukungu ukalibeba lile jina mpaka ng'ambo ya bonde.

"Metui! Niko huku, Metui! Njoo huku! Metui!"

Simuni breki zililia. Injini ikazima. Halafu sauti ya Eliamani, ya mtu aliyeamshwa: "Halo? Mama Winnie? Nipo... Mungu wangu, nipo ukingoni kabisa. Gari limesimama. Hatujaumia. Nilikuwa naota nini mimi? Mama Winnie, uko wapi?"

"Rudi nyumbani," alimwambia. "Endesha polepole. Mimi sijambo."

Aliikata kabla sauti haijamwangusha. Harufu ya kibuyu ilikuwa imekwisha fika, nzito, begani kwake.

Aliteremka bila kugeuka nyuma, akapanda pikipiki, akajishika. Godson aliwasha, akaondoka, na kwenye kimlima cha kwanza injini ikaanza kukohoa.

"Mama," alisema Godson, anatazama mbele, "mbona imelemea hivi nyuma?"

"Twende tu, mwanangu," alisema Aikande.

Nyumbani kulikuwa kumekucha. Naserian alikuwa mlangoni na bakuli la uji, Nareyu amemshika sketi. Mtoto alitazama nyuma ya Aikande, uso ukamchangamka, akainua mkono kupunga. Naserian akambeba, akaingia naye chumbani kwao, na Aikande, aliyesimama peku katikati ya uwanja, akasikia komeo likisukumwa.